Teke la Bunduki ya Kijiji

Inspekta Francis Sheshe aliilaza bunduki juu ya meza ya fundi Abrahamu, akarudi nyuma hatua moja. Fundi alivaa miwani yake, iliyofungwa uzi mahali pa mkono mmoja uliovunjika, akainama, akaitazama silaha ile kuanzia mdomo wa mtutu hadi kitakoni, polepole, bila kuigusa.

Ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi, siku ya Ijumaa, mwaka wa sabini na nne. Nje, mji wa Lushoto ulikuwa umemezwa. Ukungu uliteremka kutoka msitu wa Magamba tangu Jumatano na haukuondoka. Mtu alisikia hatua za mwenzake barabarani kabla ya kumwona, na wengine walisikia hatua wasimwone mtu kabisa. Tangu jana watu walikuwa wakizungumza kwa sauti ndogo, kama wanaozungumza ndani ya nyumba yenye maiti.

Maiti kweli ilikuwapo. Jana alfajiri Danieli Shemhilu, katibu wa kijiji cha ujamaa cha Kwetambo, alipigwa risasi pembezoni mwa shamba la mahindi la kijiji. Silaha ilikuwa hii hii iliyolala mezani: bunduki ya mtutu mmoja, mali ya kijiji, ya kuulia nguruwe mwitu. Aliyeruhusiwa kuitumia alikuwa mtu mmoja tu, mwindaji wa kijiji, Yohane Mbelwa, na wiki mbili kabla ya hapo Danieli alikuwa amewaandikia wakubwa wa wilaya kwamba Yohane ni mgonjwa na bunduki apewe mwingine. Jana adhuhuri Sheshe mwenyewe alimtia Yohane pingu. Hati ya mashtaka ya mauaji ilikwisha kupigwa taipu. Saa kumi jioni Land Rover ingeteremka Mombo kwenda Tanga na Yohane ndani yake, na kosa lile adhabu yake ni kitanzi.

Yote yalikaa sawa, isipokuwa hesabu moja.

"Mzee," alisema Sheshe, "mganga wa hospitali ametoa marisau kumi na matatu katika mwili wa marehemu. Makubwa, kama punje za kunde. Nikaenda kwenye mkoba wa Yohane nikachukua risasi moja, nikaipasua. Nilikuta marisau tisa, na mdomo wa ganda umezibwa kwa nta ya nyuki. Nikapasua ya pili, tisa. Ya tatu, tisa. Mtu hawezi kupigwa kumi na matatu kwa risasi yenye tisa."

"Na bunduki ililia mara ngapi?"

"Kijiji kizima kinasema mara moja."

Fundi Abrahamu alivuta kigoda akaketi. Alikuwa mzee mkavu, mwenye vidole viwili vilivyokatika ncha, ambaye kabla ya Uhuru alitengeneza bunduki za masetla na baada ya Uhuru alitengeneza baiskeli, cherehani, na chochote kilicholetwa.

"Zile za tisa ni mkono wangu," alisema. "Unajua teke la bunduki, bwana inspekta?"

"Nimepiga shabaha chuoni."

"Chuoni mlipiga raifoli nzito, mmelala kifudifudi. Hii ilikuwa nyepesi kama ufagio. Bunduki nyepesi ina teke zito, hivyo ndivyo zilivyoumbwa. Sasa Yohane aliangukiwa na gogo kwenye kiwanda cha mbao, mtulinga wa bega ukavunjika, mfupa ukaunga upande. Kila akipiga risasi moja alikaa siku mbili hawezi kuinua kijiko. Mwaka jana alizirai shambani, na nguruwe alikuwa hajafa. Ilibidi nguruwe mwenyewe amwonee huruma akaondoka."

"Kwa nini hakuiacha kazi?"

"Nani mwingine angeifanya? Vijana wa kijiji kile wakiona nguruwe wanamwimbia." Mzee alicheka kidogo, kisha akaacha. "Alinijia akaniambia, mzee, punguza teke. Nikamwambia, teke halipunguzwi kwa dua. Yako mambo matatu. Kwanza ni uzito. Nilitoboa kitako kwa ndani, nikamimina madini ya risasi niliyoyeyusha kutoka betri za lori, nikaziba. Ishike."

Sheshe aliinyanyua. Kweli, kitako kilivutia chini.

"La pili ni chakula chake. Ukiilisha baruti nyingi na marisau mengi itapiga teke sana. Nikafungua kila risasi ya Yohane, nikapunguza baruti, nikatoa marisau sita, nikabakiza tisa. Kwa nguruwe wa hatua ishirini, tisa yanatosha. La tatu ni huu mto." Aliigonga kwa ukucha pande nene la mpira mweusi lililofungwa kwa skrubu mbili nyuma ya kitako. "Tairi la lori. Lile lile la kushonea viatu vya katambuga. Nguvu haipotei, bwana inspekta, lakini ukiitandaza haiumi. Ukipigwa kwa kiganja na ukipigwa kwa..."

Hakumaliza. Alikuwa amegeuza kitako kuelekea dirishani, na uso wake ulibadilika.

"Nani ameugusa mto wangu?"

"Mto una nini?"

"Umegeuzwa! Tazama. Upande wa juu niliuchonga mwembamba uingie kwenye shimo la bega. Sasa wembamba uko chini na unene uko juu. Na skrubu hii imekazwa kwa kisu, imelika kichwa. Mimi nina bisibisi, sina haja ya kisu. Mtu ameufungua, kisha ameurudisha kwa haraka."

Sheshe alitoa daftari. "Kwa nini mtu aufungue?"

"Mto unaongeza urefu wa vidole viwili. Yohane ni mrefu kama mkaratusi, unamfaa. Mtu mfupi akiipachika begani, mkono wake unakifikia kifyatulio kwa shida. Atauondoa."

"Na akipiga bila mto, kwa risasi kamili?"

Fundi alizifungua skrubu mbili, akautoa mpira. Chini yake ubao ulikuwa mtupu, umekatwa wima kwa msumeno, na kingo zake zilikuwa kali.

"Nilikata hivi ili mto ukae. Ubao huu haukukusudiwa kukutana na mwili wa mtu. Aliyepiga nao hivi ana alama, ukingo mzima umejichora begani mwake. Leo itakuwa nyeusi, kesho itakuwa nyeusi zaidi."

"Na mkono?"

"Mkono ataunyanyua, akijikaza. Lakini usimwambie abebe kitu begani. Atalia kama mtoto."

* * *

Katika chumba cha mahabusu Yohane Mbelwa aliketi sakafuni, magoti yamefika karibu na masikio kwa urefu wake. Alikuwa akikohoa kikohozi cha mtu aliyelala na homa wiki nzima. Koplo Mussa, Mshambaa wa Bumbuli aliyejua kila njia ya milima ile na kila mzaha uliopita juu yake, alisimama mlangoni na taa.

"Vua shati," alisema Sheshe.

Yohane alivua. Mtulinga wa kulia ulikuwa umejikunja kama tawi lililoungwa vibaya. Ngozi iliyoufunika ilikuwa safi. Bega la kushoto lilikuwa safi vilevile. Sheshe alibonyeza kwa kidole gumba mahali pote ambapo kitako kingekaa, na Yohane hakushtuka.

"Vaa. Bunduki ililala wapi Jumatano?"

"Darini juu ya jiko, afande, pamoja na mahindi ya mbegu. Ukungu unakula chuma. Tunaikausha kwa moshi."

"Risasi mpya kutoka wilayani?"

"Boksi moja. Sijazipeleka kwa fundi. Nilianza kuumwa siku zilipoletwa."

"Kwenye boksi hilo imepungua moja. Nani aliichukua?"

"Nilikuwa na homa. Sikujua juu wala chini."

"Hujui, au husemi?"

Yohane alifunga vifungo vya shati, kimoja kimoja, hadi cha shingoni.

"Leseni ina jina langu, afande. Mimi ndiye nitakayekwenda Tanga."

"Unajua kilichoko Tanga mwisho wa safari hiyo?"

"Najua."

"Una watoto wangapi?"

"Watatu." Alikohoa tena. "Afande, kama huna swali jingine, naomba maji."

Nje, kwenye ngazi za kituo, mkewe Dorkasi alikuwa ameketi na sufuria lililofungwa kwa kitambaa. Alisimama haraka alipomwona Sheshe, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba, mama. Keti. Mumeo hakumwua Danieli, na sasa mimi nalijua hilo. Lakini ninalolijua mimi hakimu hatalijua mpaka nimwonyeshe mtu mwingine. Nani alikuja kwako alfajiri ya jana akachukua bunduki?"

Dorkasi aliliangalia sufuria.

"Danieli alikuwa baba yangu mdogo, afande. Alinibeba mgongoni."

"Ndiyo. Na nani alikuja?"

"Usiniulize hilo."

"Saa kumi mumeo anaondoka."

Machozi yalimtoka bila yeye kuyafuta. Kwa muda alionekana kama mtu anayepima uzito wa vitu viwili ambavyo hata kimoja hawezi kukinyanyua. Kisha alisema jambo jingine.

"Niliisikia bunduki. Halafu nikasikia sauti. Mtu alikuwa akiita huko kwenye mahindi. Mara ya kwanza kwa nguvu, halafu kidogo kidogo. Iliita muda mrefu, mpaka uji ukachemka ukamwagika."

"Hukwenda?"

"Hakuna aliyekwenda. Jirani zangu wote waliisikia. Kwetu Kwetambo, sauti ikikuita kutoka ukunguni kabla ya jua, huitikii. Tumefundishwa tangu utoto. Ukiitikia inajua mlango wako." Alikandamiza kitambaa cha sufuria kwa vidole. "Jua lilipotoka tukaenda. Alikuwa bado ana joto."

Sheshe alikumbuka taarifa ya mganga. Marisau yalimpata Danieli kiunoni na mapajani, chini sana kwa mtu aliyesimama. Alikufa kwa kutokwa na damu. Alikuwa amejivuta hatua arobaini na moja kati ya mahindi, akiacha mfereji kwenye udongo, na kilichowatatiza wote ni kwamba nyumba yake ilikuwa upande wa pili.

"Mama, sauti iliita jina gani?"

"Maneno ya huko hayarudiwi, afande," alisema Dorkasi.

* * *

"Wanaume wa Kwetambo ni mia na sitini," alisema Koplo Mussa walipokuwa wakipanda kwa miguu, kwa kuwa njia ya gari iliishia kwenye daraja la magogo. "Tukiwavua mashati wote msibani, afande, tutazikwa sisi."

"Hatumvui mtu. Jeneza linabebwaje hapa?"

"Kwa mabega, juu ya miti miwili. Wanne mbele, wanne nyuma. Njia ya kwenda makaburini ni kilima kitupu. Kila kwenye kona wanabadilishana upande. Uliyebeba kwa bega la kulia unahamia la kushoto, ili mwili upumzike. Ukibeba upande mmoja tu, kesho huamki." Mussa alisimama, akamtazama bosi wake, akatabasamu taratibu. "Ahaa."

"Kona ziko ngapi?"

"Saba."

Ibada ilikuwa inakwisha walipofika. Kanisa dogo la Kilutheri lilisimama ukingoni mwa bonde ambalo halikuonekana. Nyuma yake kulikuwa na weupe tu. Kwaya iliimba, na wimbo ulitoka mlangoni ukapotea hatua kumi mbele kama unaomezwa. Kisha jeneza likatoka. Mbao zake zilikuwa mbichi, bado zinatoa harufu ya msitu.

Sheshe na Mussa walijiunga na msafara, mmoja nyuma na mmoja mbele kidogo. Hakuna aliyeshangaa, mgeni msibani ni mtu wa kufuata. Wanaume wawili walimtania Sheshe kwa jinsi alivyohema.

"Afande wa Tanga huyo. Kule kwao mlima ni ngazi ya posta."

"Mwache. Akianguka tuna jeneza tayari."

"Kelele! Mnacheka mbele ya marehemu?"

"Marehemu mwenyewe angecheka, alikuwa mtu wa watu."

Kona ya kwanza wabebaji waliita, "Geuza!" wakapita chini ya miti, wa kushoto wakaja kulia, wa kulia wakaenda kushoto. Sheshe alihesabu vichwa. Kona ya pili mtu mmoja, Hassani, mtunza ghala la kijiji, mfupi na mnene, hakuvuka. Alizunguka nyuma ya jeneza akarudi pale pale. Kona ya tatu alifanya vivyo hivyo. Mussa alimtazama Sheshe, Sheshe akaitikia kwa kope. Hassani huyo aliwahi kusimama mkutanoni akamwita Danieli mchongezi.

Mussa alimpokea zamu, akamvuta kando nyuma ya mti wa mfudu. Baada ya dakika moja alirudi na uso wa mtu aliyenusa kitu.

"Jipu," alinong'ona. "Bega la kulia, jipu kama yai. Amenionyesha mwenyewe, na amenitaka nimtafutie dawa."

Kona ya nne ikapita. Ya tano. Wabebaji walipokezana, vijana wakaingia, wazee wakatoka. Sheshe aliona mabega mengi yakihama kutoka upande hadi upande bila taabu, na moyo wake ulianza kuwa mzito. Saa yake ilionyesha saa nane na robo.

Hapo ndipo alipogundua kwamba kuna mtu mmoja ambaye yeye Sheshe hakuwa amemtazama. Hakumtazama kwa sababu hakuna mtu anayemtazama mfiwa. Kaka yake marehemu, Nikodemo Shemhilu, mwanamume mfupi wa miaka hamsini na kitu, mwenye koti kuukuu, alikuwa amebeba tangu mlangoni mwa kanisa bila kukubali kupokewa. Watu walimwomba apumzike, akatikisa kichwa. Na katika kona zote zile, vijana walipoita "Geuza!", wao walimzunguka yeye. Walidhani majonzi yamemziba masikio. Nikodemo alibaki kulia kwa jeneza, bega la kushoto chini ya mti, na mkono wake wa kulia ulikuwa umeingizwa ndani ya koti, kati ya kifungo na kifungo.

"Mussa," alisema Sheshe polepole. "Yule ni baba wa nani?"

"Nikodemo? Ana binti mmoja tu." Mussa alisimama njiani. "Dorkasi."

"Mume akiwa hajijui kwa homa, nani anaweza kuingia jikoni kwa Dorkasi, akanyoosha mkono darini, akachukua kitu, asiulizwe?"

Sheshe alielewa kwa nini mwanamume mrefu alikuwa amekaa kwenye sakafu ya mahabusu akifunga vifungo vyake. Mtu anaweza kumtaja mwizi, anaweza kumtaja adui. Baba mkwe hamtaji.

Kona ya saba iliwafikisha makaburini. Waliliteremsha jeneza kwa kamba. Ilipofika zamu ya udongo, kila mwanamume alipokea jembe, akavuta mara tatu, akampa mwenzake. Nikodemo alichota udongo kwa mkono wa kushoto akautupa. Wanawake waliona, wakaguna.

* * *

Watu walipoanza kutawanyika ndani ya weupe ule, Sheshe alimsogelea.

"Pole sana, mzee Nikodemo."

"Asante, mwanangu."

"Mimi ni Inspekta Sheshe. Ndiye niliyemtia pingu mkweo."

"Nakujua."

"Nimekuja kukuomba jambo moja. Sitaki kukuomba mbele za watu. Nataka kuliona bega lako la kulia."

Nikodemo alimtazama. Macho yake yalikuwa makavu kama ya mtu aliyekaa macho siku nyingi. Kisha, kwa mkono wa kushoto, alianza kufungua vifungo vya koti yeye mwenyewe, halafu vya shati, akalivuta shati pembeni.

Mstari mweusi ulitoka chini ya mtulinga hadi karibu na kwapa, umenyooka kama uliochorwa kwa rula, na katikati ngozi ilikuwa imepasuka. Kuuzunguka kulikuwa na zambarau na manjano. Mussa aliguna.

"Hulazimiki kusema neno," alisema Sheshe, akitoa daftari. "Utakalosema nitaliandika, na mahakama italisoma."

"Liandike. Nilitaka kulisema jana. Mdomo ulikataa." Mzee aliketi kwenye jiwe. "Nguruwe waliharibu kipande changu cha shamba usiku wa Jumanne. Mkwe wangu mgonjwa. Nikasema, nami niliwahi kushika bunduki zamani, nilikuwa mbeba mizigo wa wawindaji. Nikaingia kwa binti yangu kabla ya mapambazuko, nikamwambia nipe. Angesemaje? Nikachukua na risasi moja katika boksi. Kitako kilikuwa kirefu, nikafungua ule mpira kwa kisu."

"Halafu?"

"Nikakaa ukingoni mwa shamba. Nikaona kitu cheusi kimeinama kati ya mahindi, kinatikisa mabua. Nikangoja kigeuke nikipate ubavuni. Hakikugeuka. Nikapiga. Teke lile liliniangusha chali, nikapiga kelele. Na nilipokuwa bado nimelala pale, nguruwe akaniita."

Hakuna aliyesogea. Mbali, mahali pasipoonekana, wanawake walikuwa wakiimba wakirudi.

"Alisema nini?" aliuliza Sheshe.

"'Kaka Nikodemo, ni wewe?' Basi. Wala hakukasirika. Nadhani aliijua sauti yangu nilipopiga kelele. Alikuwa amekwenda kuhesabu mabua yaliyovunjwa, aandike kwenye barua zake. Danieli alipenda sana kuandika." Nikodemo alilitazama lile kaburi jipya. "Nikajiambia, hii ni sauti ya ukungu. Haiitikiwi. Nikainuka. Akaita tena. Nikakimbia hadi kwa binti yangu, nikaufunga ule mpira haraka, nikairudisha bunduki darini."

"Hakukaa pale alipoanguka, mzee. Alijivuta hatua arobaini na moja. Tulidhani amepotea njia."

"Hakupotea. Alikuwa ananifuata."

Sheshe aliandika. Kalamu iligoma kwa ubaridi, akaipulizia pumzi, akaandika tena. Swali lililobaki hakutaka kuliuliza, lakini bila swali hilo maelezo yasingekamilika, na hakimu angeliuliza kwa ukali zaidi.

"Uliamini kweli kwamba ni ukungu?"

Nikodemo alilifunika bega lake. Alifunga kifungo kimoja, akashindwa na cha pili.

"Mara ya kwanza," alisema, "niliamini."

Sheshe alimpa daftari, na mzee, ambaye alikuwa amejifunza kuandika jina lake kwenye darasa la elimu ya watu wazima la kijiji, aliliandika kwa mkono wa kushoto, herufi kubwa zilizoegemeana.

* * *

Walifika kituoni saa kumi kasoro dakika kumi. Land Rover ilikuwa tayari imewashwa, dereva anapiga makofi kupasha mikono joto. Sheshe aliingia ofisini, akatoa hati iliyopigwa taipu jana, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni. Kisha akaingia mahabusu yeye mwenyewe na ufunguo.

"Yohane, toka. Chukua mkanda wako na viatu vyako. Kuhusu leseni utaitwa baadaye. Leo nenda kwako ukalale."

Yohane alimtazama bila furaha yoyote usoni.

"Nani amesema?" aliuliza. "Dorkasi?"

"Mkeo hakusema. Aliyepiga amesema mwenyewe."

Mwindaji alivaa viatu polepole, akainama chini ya kizingiti, akatoka. Alifika kwenye ngazi wakati ule ule Koplo Mussa alipokuwa akimpandisha Nikodemo. Dorkasi alikuwa pale pale alipoachwa asubuhi, na sufuria lake, amesimama katikati ya wanaume wake wawili, asiweze kumtazama hata mmoja.

Ngazi zilikuwa nyembamba. Yohane alishuka zote hadi chini, akaingia mtaroni kwenye maji ili njia ibaki wazi kwa baba mkwe wake, akainamisha ile shingo yake ndefu.

"Shikamoo, baba."

Nikodemo alisimama. Dereva alipiga honi. Mussa alimshika mzee kiwiko, amsogeze mbele, lakini Sheshe alinyoosha mkono akamzuia. Yohane hakuinua kichwa. Maji ya mtaro yalipanda juu ya viatu vyake, kikohozi kilimtikisa mara mbili, na bado alibaki ameinama, anangoja, kama ambavyo angengoja mlangoni mwa nyumba ya mzee yule siku nyingine yoyote.

"Marahaba," alisema Nikodemo.

Ndipo Yohane alipotoka mtaroni, akamshika mkewe mkono, na Sheshe akamwashiria dereva azime Land Rover; leo hakuna wa kupelekwa Tanga.